Nyumba ya kupangisha: niru au marumaru?

Ukimwambia dalali wa Dar es Salaam kwamba una vyumba vya kupangisha, hachelewi kukuuliza kama chini kuna tailizi, yaani marumaru. Ndiyo maana wenye nyumba wengi wanavunja niru, yaani sakafu ya saruji iliyolainishwa, ambayo bado ni nzima, ili waweke marumaru za bei rahisi. Naona wanakosea, ingawa hoja yao ina uzito: chumba chenye marumaru hakikai wazi muda mrefu, kupiga deki ni rahisi, na kodi inapanda.

Lakini mpangaji anaishi juu ya sakafu hiyo. Anatwanga kisamvu, anaburuta friji, mvua ikinyesha anaingiza jiko la mkaa ndani. Marumaru nyepesi ya seramiki inapasuka, na ukirudi dukani miaka miwili baadaye, yenye ua lilelile haipo tena. Katikati ya sebule unabaki na kiraka cha rangi nyingine.

Mara nyingi kosa si la mpangaji. Gonga marumaru kwa sarafu. Ikilia kama debe tupu, fundi alibandika matonge ya udongo wa saruji kwenye pembe na katikati akaacha uwazi. Hiyo itavunjwa hata na mguu wa kitanda. Marumaru ya porselini ni ngumu zaidi na hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5, lakini kwa sababu hiyohiyo haishiki vizuri kwa saruji tupu. Inataka gundi yake, na fundi anayekwambia gundi ni kupoteza hela anakutafutia hasara.

Niru nayo ina masharti. Ipigwe udongo wa saruji wa chini yake ungali mbichi, la sivyo itabanduka kama ganda, kisha imwagiliwe maji siku saba. Wenye haraka wanaingiza mpangaji siku ya tatu, halafu sakafu ikitoa vumbi wanalaumu saruji. Doa la mafuta kwenye niru halitoki kirahisi, hilo nakubali. Ila ufa wake unazibwa kwa kilo chache za saruji.

Kwa vyumba vya uani, vyenye korido na jiko la pamoja, ningepiga niru. Nyumba inayojitegemea ningeweka porselini, na boksi mbili za toleo lilelile nizihifadhi stoo. Hela ikitosha marumaru hafifu tu, afadhali iende kwenye jamvi, yaani zege linalobeba sakafu: kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka, na nailoni itandikwe kabla ya zege. Huku pwani, bila nailoni hiyo, chumvi inapanda na unyevu na kuchanua nyeupe kwenye niru na kwenye maungio ya marumaru vilevile.