Barua ya wito asibebeshwe mama

Hapa Moshi mwanamke akisema "nitakupeleka ustawi," mwanaume anaelewa. Neno lenyewe limeshahama kwenye kamusi likawa jina la mlango: ule wa ofisi ya ustawi wa jamii, wenye benchi nje, ambapo tangu asubuhi akina mama wanakaa na watoto mgongoni wakisubiri kuitwa. Nimekaa kwenye benchi la ofisi moja ya namna hiyo mara tatu, nikimsindikiza mdogo wangu. Mtoto ana mwaka na nusu, mimi ndiye mama mkubwa, na baba yake ni fundi magari ambaye tangu mtoto aanze kukaa hajatoa hata hela ya sabuni.

Tulijiandaa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa tulikuwa nayo, cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki tumevitia kwenye bahasha ya kaki. Afisa, dada mmoja mpole, alisikiliza, akafungua jalada, akaandika. Kisha akagonga mhuri kwenye barua ya wito, akaikunja mara mbili, akamkabidhi mdogo wangu.

"Mpelekee. Mwambie aje Alhamisi saa tatu."

Nikamtazama mdogo wangu, naye akanitazama mimi. Mtu mmeachana kwa matusi, simu zako hapokei, halafu wewe ndiye umpelekee wito wa serikali.

Tukapanda bodaboda mshikaki mpaka gereji, upande wa Majengo. Jamaa alikuwa chini ya Noah, inaonekana miguu tu. Akatoka, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akaipokea barua, akaisoma kimyakimya. Halafu akaisoma tena, safari hii kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Unatakiwa kufika ofisini bila kukosa!" Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akawa anagonga spana kwenye boneti kama ngoma. Mdogo wangu kasimama pale, mtoto mgongoni, na mtoto naye anacheka kwa kuwa watu wanacheka.

Alhamisi hakuja. Ikaandikwa barua ya pili. Akapewa nani? Yule yule.

Sina ugomvi na yule dada. Meza yake moja inapokea wazee wasio na ndugu, watoto wanaolala stendi, wagonjwa waliotelekezwa wodini na ndoa zinazowaka moto. Gari hana. Hata nakala za vyeti tulikwenda kutoa wenyewe stesheneri. Lakini ofisi ikimpa mama barua ampelekee baba, hapo hapo imeshaamua kwamba jambo hili ni gomvi la watu wawili, na mmoja wao atakuwa mlalamikaji na tarishi kwa wakati mmoja.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto, wawe walifunga ndoa au hawakufunga. Na inasema mzazi. Namfahamu dereva mmoja wa bodaboda anayelea watoto wawili peke yake huku mama yao yuko mjini na kazi nzuri. Naye angeweza kukaa kwenye lile benchi, ni aibu tu inamzuia. Kabla ya sheria hiyo, mama zetu walikuwa na ile ya enzi za mkoloni, ambayo mtoto wa nje ya ndoa alipangiwa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja, mpaka miaka ya juzi juzi hapa, wakati haitoshi hata andazi! Sasa hakimu anatakiwa kuangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Anaweza pia kumwagiza afisa ustawi akachunguze na kumletea taarifa. Kwa hiyo kwenye sheria mtoto yupo vizuri. Anakwama kwenye barua iliyokunjwa mara mbili.

Najua jibu la ofisini: mama ndiye anayejua alipo huyo baba. Sawa, aeleze. Kuelekeza njia ni kitu kimoja, kwenda kugonga mlango ni kingine, na wapo wanaogonga wakarudi na jino moja pungufu. Mtaa wetu siku ya pesa ya taka hauna nyumba usiyoijua. Hata mpangaji aliyehamia juzi usiku anafikiwa na daftari la risiti. Samansi ya mahakama mara nyingi inapita kwa mtendaji au mwenyekiti, mtu anasaini, mambo yanakwenda. Wito wa ustawi una ugumu gani kupita huko huko?

Barua ya tatu hatukuipeleka gereji. Niliibeba mimi mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa anakoishi jamaa, nikamwamkia, nikamweleza. Mzee wa watu hakuuliza maswali mengi. Jumatatu yake fundi wetu alifika ustawi saa mbili na nusu, shati limepigwa pasi.

Kikao chenyewe sikukipenda sana. Nusu saa ya kwanza iliishia kwenye "kwani mmeshindwa kabisa kurudiana?" wakati mdogo wangu alikuwa na daftari mkononi lenye hesabu ya unga, maziwa, kodi na dawa. Daftari lilipofunguliwa hatimaye, mambo yalikwenda haraka: yeye aliandika laki na ishirini, jamaa akaanzia thelathini, wakakutana kwenye sabini, kila tarehe tano, kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki. Wakasaini. Bahati nzuri jamaa hakumkana mtoto. Angemkana ingebidi kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na huko hauendi tu kama unapima malaria. Inatakiwa barua ya mamlaka, kama mahakama au ustawi wenyewe.

Ukishasaini, dada yangu, usilale. Afisa ustawi anasuluhisha, hana nguvu ya kumkamua mtu. Baba akiacha kutuma, nenda mahakama ya watoto uombe amri ya matunzo. Amri hiyo inakwenda hadi mtoto afike miaka 18, na mahakama inaweza kuiongeza kama bado anasoma. Hili hatukuambiwa ofisini. Tuliambiwa na mama mmoja pale kwenye benchi, ambaye alikuwa na kesi ya pili.

Mama huyo huyo ndiye aliyenipa kisa cha Desemba. Baba wa mwanawe anaishi Dar, namba anabadilisha kama soksi, mwaka mzima haonekani. Lakini ni Mchaga, na Krismasi lazima apande nyumbani, Kibosho, na gari lililooshwa na mbuzi wa kuchinja. Mama akachukua wito wake mapema, kabla ofisi hazijafunga kwa sikukuu, akaupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, akamwomba asubiri. Tarehe ishirini na sita mzee akatembea mdogo mdogo kupita migombani mpaka uani, mbuzi ananing'inia hajamaliza kuchunwa, ukoo mzima umekaa kwenye viti vya kukodi. Akaamkiwa, akapewa mbege, akanywa. Kisha akatoa barua na kalamu, akampa jamaa mbele ya mama yake mzazi. Bibi akauliza ni karatasi ya nini hiyo.

Jamaa alisaini kabla mzee hajajibu.