Dini iliyohama na watu wake na dini iliyobaki Ujiji

Swali ninaloulizwa zaidi na ndugu zangu wa Kigoma ni kama ni kweli kwamba Wazungu wameiacha dini. Huwa nawajibu kwa takwimu, kwa kuwa huku Uingereza dini huhesabiwa: katika sensa ya mwaka 2021, waliojiandikisha kuwa Wakristo katika Uingereza na Wales walikuwa asilimia 46.2, na asilimia 37.2 walisema hawana dini yoyote. Leicester, mji ninaoishi, una sura nyingine. Wakristo ni karibu robo ya wakazi, Waislamu nao ni karibu robo, Wahindu wanakaribia asilimia 18, na pamoja nao wapo Masingasinga, Wajaini (wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote) na wengineo. Kwa hesabu hizo tu, mtu wa Ujiji angeona kwamba amefika mji uliochanganyika kama wa kwao. Mimi naona miji hii miwili imechanganyika kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo.

Leicester dini zilishuka uwanja wa ndege pamoja na wenyewe. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, zaidi ya 27,000 kati yao walipokelewa Uingereza, na halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Kampala kuwasihi wasije huku kwa sababu mji umejaa. Walikuja hivyohivyo, wakawakuta ndugu zao waliokuwa wametangulia kutoka Kenya na Tanzania, na leo barabara ya Belgrave, yenye maduka ya dhahabu, ya sari na ya vitamutamu, hufungwa magari wakati wa Diwali ili umati upate pa kusimama, na halmashauri ileile huisifia sikukuu hiyo kwa wageni. Nilipoingia kwa mara ya kwanza katika hekalu la Wajaini lililoko katikati ya mji, mama mmoja wa Kigujarati aliyeketi karibu na mlango alinitazama, akaniuliza kwa Kiswahili kama natoka Mombasa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kusita, akanielekeza pa kuweka viatu na kunikumbusha nivue na mkanda wa ngozi, kwa kuwa ngozi ya mnyama haiingii humo. Yeye alizaliwa Mombasa. Dini yake ilianzia India, ikapita Afrika Mashariki, ikafika katikati ya Uingereza, na katika safari hiyo yote haikutoka nje ya jamaa zake.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Huku ukimjua mtu jina, aghalabu umekwisha kuijua dini yake, na ukiijua dini yake unaweza kukisia babu yake alizaliwa wapi. Mwingereza aliyekuwa Mjaini sijakutana naye, na Mgujarati aliyebatizwa ni nadra. Dini zinaishi mtaa kwa mtaa, zinaheshimiana, zinapeana salamu za sikukuu, lakini kila moja imebaki kuwa mali ya ukoo.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Uislamu ulifika Ujiji kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, palipo Tabora ya leo, hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wakiendelea na biashara zao. Biashara yenyewe ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu, na sipendi inavyosimuliwa nyumbani kana kwamba dini ilikuja peke yake na utumwa ulikuja siku nyingine. Hata hivyo, matajiri wa misafara hawakuwa na haja kubwa ya kumsilimisha mtu. Kazi hiyo ilifanywa na watu wadogo: walimu wa vyuo vya Kurani, wapagazi, Wamanyema waliovuka kutoka Kongo, baadhi yao wakiwa wamefikishwa Ujiji kama watumwa, na baadaye mamuridi, yaani wafuasi, wa twarika ya Kisufi ya Kadiria, ambao walimkalisha kila mtu katika duara moja la dhikiri. Matajiri wengi waliondoka au wakafa, na dini ikabaki kwa wenyeji.

Ukristo ulipita njia ileile kwa miguu ileile. Wamisionari wa Kiprotestanti wa Chama cha Misheni cha London walifika Ujiji mwaka 1878, Mapadre Weupe wa Kikatoliki wakafuata mapema mwaka 1879 wakiwa wamevaa kanzu nyeupe walizoigiza kwa Waarabu wa Algeria. Chama cha London kiliikabidhi stesheni yake ya Urambo kwa Wamoravian, kanisa jingine la Kiprotestanti, mwaka 1898, na leo Wamoravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa Ulaya nzima. Chama hicho kiliendeshwa zaidi na waumini wa makanisa ya Kongregesheni, ambayo kila usharika hujiongoza wenyewe, na lile hekalu la Wajaini la Leicester, lenye nguzo za mawe zilizochongwa kwa ustadi wa ajabu, lilikuwa kanisa la Kongregesheni. Jambo hili lilinifikirisha kuliko takwimu zote za sensa.

Dini kuvuka ukoo wa walioileta si ajabu ya Kigoma pekee. Nchi yenye Waislamu wengi kupindukia kwa muda mrefu imekuwa Indonesia, ambako hakukwenda jeshi la Waarabu bali wafanyabiashara wa baharini, na Ubuddha ulioanzia bonde la mto Ganges una wafuasi wengi Asia ya mashariki huku India wenyewe wakiwa hawafiki asilimia 1. Na ile namna ya Leicester tuliishuhudia nyumbani pia: reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, Mabaniani walifungua maduka kando yake wakiwa na ibada zao, na walipohama, ibada hizo zilihama nao.

Matokeo ya mchanganyiko huu wa kwetu yanaonekana nyumbani kuliko barabarani. Muha, mwenyeji wa Kigoma, anaweza kuwa Mwislamu, Mkatoliki, Mwanglikana au Mpentekoste, na wote wanne wakawa watoto wa shangazi mmoja. Kwetu kuku wa Krismasi hupelekwa kwa mjomba Mwislamu achinje yeye, ili wakati wa kula asiwepo wa kuachwa kando, na mwezi wa Ramadhani wakwe Wakristo huleta mihogo na maharage kabla ya magharibi. Silisemi hili kwa kujigamba, kwa sababu suala hilohilo la nani achinje lilileta vita na mauaji kule Geita mwaka 2013, mbali kidogo tu na kwetu. Na Leicester nayo, pamoja na sifa zake, mwaka 2022 iliona vijana wa Kihindu na wa Kiislamu wakipambana mitaani. Tofauti ninayoiona ni kwamba ugomvi wa kwetu hukutana na ukoo njiani, na ugomvi wa huku hukutana na polisi.

Tanzania iliacha kuuliza dini katika sensa baada ya mwaka 1967, na wapo wasomi wanaotaka swali hilo lirudi. Huku nimeona faida yake: halmashauri inajua itenge eneo kiasi gani la makaburi ya Waislamu na shule zipike nini. Kwetu sioni lingefaa nini, ila kuwapa wanasiasa namba za kugombania. Na karani angeanza kupata tabu mapema sana, kwenye nyumba ya shangazi yangu mtaa wa Mwanga, Kigoma, ambako mama mwenye nyumba husali misa ya kwanza Jumapili, mumewe yuko msikitini kila Ijumaa, na mtoto wao wa mwisho amejiunga na walokole mwaka jana bila kumwomba yeyote ruhusa.