Mtoto wa Mama Mweusi Alinyonya Nini?

Brazil humtukuza mãe preta, mama mweusi aliyewanyonyesha watoto wa mabwana. Jijini São Paulo, kwenye uwanja wa Paissandu, sanamu yake ipo tangu 1955, mtoto kifuani, na watu humpelekea maua na mishumaa. Hao siwalaumu hata kidogo. Kinachoniudhi ni ule upole anaovishwa katika simulizi na nyimbo za kubembeleza, kana kwamba alijipeleka mwenyewe.

Katika karne ya 19 magazeti ya Rio de Janeiro yalichapa matangazo ya kukodisha mtumwa mwenye maziwa mengi, na baadhi yalitaja wazi kwamba anakuja bila mtoto. Sasa yule mtoto aliyemzaa alikwenda wapi? Wapo waliokufa kwa kukosa ziwa. Wapo waliotiwa na mabwana katika kisanduku cha kuzunguka ukutani mwa nyumba ya kulea watoto waliotupwa ya Santa Casa, shirika la hisani la Kikatoliki, ambako anayeacha mtoto haonekani. Kila tone alilonyweshwa mtoto wa bwana lilikuwa na mwenyewe.

Ndiyo maana nauheshimu wimbo "Mãe Preta" wa watunzi Wabrazili Caco Velho na Piratini, wa miaka ya 1940. Mama anambembeleza mtoto mweupe, na wakati huohuo mpenzi wake anachapwa mjeledi. Wimbo ulipofika Ureno, udikteta wa huko uliyaelewa vizuri maneno hayo, ukayapiga marufuku. Muziki ukatungiwa maneno mengine, ya mwanamke anayemlilia mpenzi aliyepotea baharini, na kwa sauti ya Amália Rodrigues, mwimbaji wa Ureno, ukavuka mipaka. Unapendeza, nakiri. Lakini umma mzima wa wasikilizaji uliupenda bila kujua ni nani aliyefutwa humo.

Watumwa wenyewe waliambizana mambo yao katika jongo, ngoma ya mashamba ya kahawa ya bonde la mto Paraíba. Waliimba kwa mafumbo, msimamizi akisikia ngoma tu. Mwimbaji Clementina de Jesus, mzaliwa wa Valença mwaka 1901, alizirithi nyimbo za aina hiyo kwa mama yake. Umma ulimjua miaka ya 1960, akiwa ameshapita umri wa miaka 60, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Hazina yote ile ilikuwa jikoni, inaosha vyombo!

Utumwa ulifutwa tarehe 13 Mei 1888, bila ardhi wala fidia kwa waliotumikishwa. Laudelina de Campos Melo alianzisha chama cha watumishi wa nyumbani mjini Santos mwaka 1936, lakini katiba iliwawekea kikomo cha saa za kazi na malipo ya saa za ziada mwaka 2013 tu. Hata hapo wapo waajiri waliolalamika: vipi mtu tuliyemhesabu kama ndugu wa nyumbani leo atudai saa?