Bakapu Ipo, Mama, Usiwe na Wasiwasi

Shemeji yangu ameandika kwenye kundi la familia kwamba nimefuta "duka zima la mama". Kabla hamjaendelea kumsikiliza, naomba niseme: sikufuta duka. Nilifuta tovuti. Duka lipo Tabata, oveni inawaka, keki zinatoka. Mengine yote aliyoandika, pamoja na lile la kwamba nilitoka jasho, ni kweli.

Mnajua mama mkwe anaoka keki za harusi. Alipotaka tovuti ya kupokelea oda, shemeji alimtafutia huduma ya kulipia kila mwezi: wenyewe wanakutunzia nakala, ukiharibu unabonyeza kitufe unarudi jana. Nikacheka. "Mama, hela ya nini hiyo na mkwe wako ni fundi?" Nikamfungia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwenye hosti (kampuni inayokodisha nafasi ya kuweka tovuti) ya bei ya chini, nafasi GB 5, na plagini ya bakapu, kiprogramu cha kutengeneza nakala ya akiba, inafanya kazi kila usiku. Kila akiuliza, "Vitu vyangu viko salama, Baba Nasra?" namjibu, bakapu ipo, mama.

Jumatano hosti wakaleta ujumbe: nafasi imejaa. Nikabeba laptopu hadi kwake, maana fundi lazima aonekane. Nikamwambia nafuta vyote, narudisha safi, dakika kumi tu. Akaniletea chai na kipande cha keki, akavuta kiti aone.

Hapa tulieni. Nikaanza na hifadhidata, zinapokaa oda zote. Futa. Nikaingia kwenye mafaili, public_html, folda linalobeba tovuti nzima, chagua yote, futa. Kikatokea kidirisha kinauliza: vipitie kwanza kwenye takataka, au vifutike moja kwa moja? Takataka nazo zinakula nafasi, mimi si mtoto. Nikatiki moja kwa moja. Kiduara kikazunguka. Nikachoma keki kwa uma. Kiduara bado kinazunguka. Mama akauliza, taratibu kabisa, "Sasa hizo bakapu zenyewe zinakaa wapi?" Nikafungua mdomo nimjibu kwamba zinakaa kwenye folda ya...

Uma ukabaki hewani.

Zinakaa kwenye wp-content, folda la WordPress yenyewe. Nayo iko ndani ya public_html. Papo hapo nikaelewa na kilichojaza nafasi: bakapu 30, kila moja MB 150. Pigeni hesabu wenyewe. Siku zote natafuta mwizi, kumbe ni mlinzi niliyemwajiri mimi.

Nikaendelea kukodolea skrini kwa sura ya mtu anayesubiri kitu. Hakuna kilichokuwa kinakuja. (Wewe unayecheka, bakapu yako umeshawahi kujaribu kuirudisha, hata siku moja? Haya, tuendelee.)

"Mama," nikasema, sauti ikatoka kama ya Nasra. "Zilikuwa humohumo."

Akatafuna kidogo. "Yaani ufunguo wa akiba umeufungia ndani?"

Ya baadaye nayapitia haraka. Hosti: kifurushi changu hakina bakapu yao. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za tovuti: ukurasa mmoja tu, wa siku ya kwanza, umeandikwa "Tunakuja hivi karibuni". Picha tumeziokota kwenye simu ya mama. Tovuti sasa iko kule kwa shemeji, na jana alirudisha nakala ya juzi mbele yangu, bila sababu yoyote, huku ananiangalia. Dakika tatu. Oda anazipakua pia kila wiki, anaziweka Google Drive. Sina la kusema.

Ila oda za Jumamosi zilikuwa 9, na ile Jumatano sikujua hata moja ni ya nani. Mama akanyanyuka, akarudi na kaunta buku. Kumbe kila oda iliyowahi kuingia kwenye tovuti yangu alikuwa anainakili kwa mkono. Na kila Jumapili anapiga picha kurasa za wiki, anamtumia mdogo wake Tanga, "maana nyumba huungua."

Nikafunua nikizitafuta za Jumamosi. Katikati, kwa kalamu nyekundu: Mkwe, keki ya Nasra, kilo 2, hajalipa.

Ya mwezi wa tano, jamani. Nikaitamani ile kurasa ichanike kidogo tu. Haisaidii, nakala iko Tanga.