Filamu Fupi za Nairobi Zina Pasipoti, Nauli ya Matatu Hazina

Mtu anayetaka kuona filamu fupi iliyotengenezwa hapa Nairobi ana njia mbili za uhakika. Asafiri Ulaya msimu wa matamasha, au amjue mwongozaji mwenyewe, amwombe linki yenye neno la siri. Natia chumvi, ndiyo, ila si nyingi. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ile ya ulimwengu uliokaukiwa baada ya vita vya maji, ilifika tamasha la Sundance kule Marekani Januari 2010. Huwa naiulizia kwa watu wanaojiita wapenzi wa filamu. Wengi wanalijua jina, wameona picha ya bango, basi. Na ni filamu ya dakika ishirini na kitu tu. Jam ya jioni kutoka Bomas hadi Rongai ingeimaliza na muda ukabaki.

Naitaja jam makusudi. Kila nikisikia kikao cha wasanii kikilalamika kwamba Nairobi haina mahali pa kuonyeshea filamu fupi, najiuliza kama hao walalamishi walikuja kwa teksi. Mji huu umejaa skrini zinazowaka tangu alfajiri hadi usiku wa manane, mbele ya watu waliokaa, ambao hawana pa kwenda. Ziko ndani ya matatu.

Historia yetu na sinema ni ya mapenzi ya kweli, hata kama tumesahau. Globe, Odeon, Bellevue, Drive-In zilikuwa sinema; leo hayo ni majina ya steji, na kijana anayemwambia makanga "nishukishe Bellevue" hana habari kwamba anataja mahali ambapo watu waliegesha magari wakatazama filamu chini ya nyota. Kumbi kadhaa za katikati ya mji ziligeuka makanisa. Nyingine zikahamia ndani ya maduka makubwa, zikaendelea kuonyesha Hollywood na Bollywood, na filamu ya Kenya ikipata nafasi ni kwa wiki moja, saa ambayo watu wako kazini. Lakini kabla ya hayo yote, mwananchi wa kawaida alilelewa na filamu fupi. Kwenye kumbi, filamu kubwa ilitanguliwa na habari na katuni. Masokoni na vijijini, magari ya sinema yalikuja yakitandika shuka jeupe, yakaonyesha tangazo la sabuni, kichekesho, na somo la kunyunyizia mimea dawa. Hakuna aliyeuliza mbona ni fupi.

Kwa hiyo sikubali ile hoja kwamba Mkenya hapendi filamu fupi. Anaangalia vichekesho vya dakika mbili kwenye simu mpaka betri inalia. Ambacho hajapewa ni hizo nyingine.

Na hizo nyingine zipo, tena nzuri. Chukua Yellow Fever ya Ng'endo Mukii, ya mwaka 2012, aliyoitengeneza akiwa mwanafunzi wa Royal College of Art, London. Ni uhuishaji, yaani michoro inayotembea, uliochanganywa na picha za watu halisi, dakika chache tu, kuhusu wanawake wa Kiafrika na ngozi zao, mkorogo, saluni, na mtoto wa kike anayeeleza bila aibu yoyote kwamba angependa kuwa mweupe. Ukiiona mara moja hutaisahau, kwa sababu michoro inafanya kitu ambacho kamera haiwezi: inaivua ngozi na kuivisha tena mbele ya macho yako. Filamu hiyo imezunguka dunia na kutuzwa. Mimi ningependa kujua ni wateja wangapi wa maduka ya vipodozi ya Dubois Road wamewahi kuiona. Hao ndio inaowahusu.

Mwaka 2023 huyohuyo Mukii akawa mmoja wa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi kumi za uhuishaji kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Jina la Kiswahili, mwongozaji wa Nairobi, na filamu yake ikaitwa Enkai, jina la Mungu kwa Wamaasai. Zikatoka Disney+ mwezi Julai, wakati ambapo Disney+ yenyewe ilikuwa haijafungua rasmi huduma zake Kenya. Yaani kitu kina jina ambalo nyanya yangu angelielewa bila kutafsiriwa, halafu mlango wa kukitazama haukuwepo nchini. Sijui kama nicheke.

Sehemu ya lawama iko kwa utaratibu wa matamasha. Tamasha kubwa linataka kuwa la kwanza kuionyesha filamu yako. Ukitaka njia ya Oscar, ambako filamu fupi ni ile isiyozidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, ole wako uiweke intaneti kabla haijatimiza masharti. Kwa hiyo msanii anaifungia kabatini mwaka mzima, pengine miwili, akisubiri barua pepe. Simlaumu kabisa. Uhuishaji ni kazi ya kuvunja mgongo: sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na hata ukichora kwa ubahili, mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, dakika tano zinakudai michoro 3,600. Mtu aliyechora yote hayo, mengi usiku baada ya kazi ya matangazo inayolipa kodi ya nyumba, ana haki ya kuota tamasha la Berlin. Ninachouliza ni kwa nini baada ya Berlin filamu hairudi nyumbani.

Mtu ataniambia inarudi. Kweli, kuna vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, Alliance Française na Goethe-Institut, na kuna Unseen pale Kilimani, ukumbi mdogo ninaoupenda sana na ninaouombea maisha marefu. Kuna Docubox ya Judy Kibinge, ambayo tangu 2013 imewashika mkono watengenezaji wa filamu za hali halisi ambao wangekata tamaa zamani. Bila hizo taasisi tusingekuwa na la kubishania. Ila nenda maonyesho matatu mfululizo uhesabu sura mpya. Ni sisi kwa sisi: mwongozaji, mpiga picha, aliyekuwa mpiga picha, na yule jamaa ambaye muda wa maswali ukifika anauliza swali refu kuliko filamu.

Hali hiyo ina madhara kwa filamu zenyewe, na hapa ndipo nina ugomvi hasa na filamu za wasifu. Unapojua kwamba atakayekuhukumu yuko mbali, unaanza kumweleza mambo ambayo jirani yako hahitaji kuelezwa. Ndiyo maana filamu nyingi za mtu mmoja wa Kibera au Mathare huanza na droni juu ya mabati, kisha mtungi wa maji, kisha mtoto anayekimbia kwenye uchochoro, na sauti ya mhusika ikisema kwa Kiingereza cha kubabaisha kwamba maisha ni magumu lakini ana ndoto. Mhusika huyo akizungumza Kiswahili chake, au Sheng ya mtaa wake, ana vichekesho, ana matusi, ana maoni makali kuhusu chifu. Yote hayo hukatwa mezani kwa mhariri kwa kuwa hayatafsiriki. Wasifu mzuri ninaoujua mimi unamkalia mtu akifanya kazi yake. Unamwacha fundi wa viatu ashone soli moja mpaka mwisho, bila muziki wa huzuni. Mtazamaji wa soko la Gikomba atakuambia mara moja kama fundi huyo ni stadi au anaigiza, na mwongozaji anayejua atahukumiwa na Gikomba atapiga picha tofauti kabisa.

Mfano wa kinyume ninao. Watu Wote, ya 2017, iliongozwa na Mjerumani Katja Benrath na ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg, lakini inazungumza Kiswahili na Kisomali, na kisa chake kila Mkenya alikisikia: basi la Mandera, Desemba 2015, abiria Waislamu waliokataa kuwatenga wenzao Wakristo wauawe. Iliteuliwa kwa Oscar mwaka 2018. Nakubali kwa shingo upande kwamba wageni walisikiliza kuliko baadhi yetu.

Tuje kwa serikali, kwa ufupi maana imeandikwa vya kutosha. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inamtaka mwenye dakika tano leseni kama mwenye saa mbili. Stories of Our Lives ya Jim Chuchu na wenzake wa kundi la Nest, hadithi tano fupi za rangi nyeusi na nyeupe, ilionyeshwa tamasha la Toronto mwaka 2014, ikapigwa marufuku hapa, na mmoja wa watayarishaji akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila leseni. Aprili 2025, onyesho la makala ya BBC kuhusu waandamanaji waliouawa Juni 2024 lilifutwa pale Unseen. Anayedhani skrini ndogo haiogopwi afikirie tena.

Sasa matatu. Najua pingamizi. La kwanza ni kelele: nani atasikia mazungumzo ndani ya nganya, yaani matatu iliyopambwa, ya Umoja? Hakuna. Na ndiyo maana nasema tuanze na uhuishaji wa majaribio, ile aina tunayodhani ni ya wasomi wa Kilimani pekee. Mara nyingi hauna mazungumzo. Unaishi kwa rangi, mdundo na mwendo, mambo ambayo nganya yenyewe imepakwa na kufungiwa spika kwa ajili yake. Filamu ya michoro ya dakika nne katikati ya mseto wa video za gengetone, muziki wa vijana wa mitaani, haitashangaza mtu. Itatazamwa hadi mwisho, labda na makanga pia, akiwa amening'inia mlangoni.

La pili ni KFCB, bodi ya serikali inayokagua na kuainisha filamu, ambayo imewahi kuwaandama wenye matatu kwa kuonyesha video chafu. Vizuri. Filamu yenye cheti cha kila rika ni kinga kwa dereva.

Zile za hali halisi zenye maneno mengi ziende kwenye vibanda vya video na vinyozi, na hapa nitawaudhi marafiki: ziende na msimulizi. DJ Afro, msimulizi wa filamu za kigeni, alitufundisha kwamba mtu akisimuliwa kwa lugha yake, juu ya picha, hata kung fu ya Kichina inakuwa ya Kayole. Mwongozaji atalia kwamba sauti aliyoihangaikia wiki nzima imefunikwa. Alie kidogo, kisha akae nyuma asikilize watazamaji wanabishana na mhusika wake.

Na asianze kwa kumwandikia mwenyekiti wa sacco, chama cha wenye matatu. Video za nganya hazichaguliwi na mwenyekiti wala dereva. Kuna vijana wanaotengeneza mseto wa nyimbo na kuusambaza kwa flashi, gari hadi gari. Hao ndio wa kutafutwa, walipwe kitu, na jina la mwongozaji libaki kwenye skrini sekunde tano zaidi ya kawaida ili abiria aweze kulipiga picha. Flashi ya GB 8 inabeba filamu fupi nyingi kuliko zile nilizoona zikionyeshwa mjini mwaka huu.