Pesa ya Mtoto na Saruji ya Mkundi

Kwa miaka miwili na nusu binti yangu alilala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, katika chumba chenye dari ya zaidi ya mita tatu hapa Leipzig, huku chumba chake kingine kikipanda tofali kwa tofali kule Mkundi, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Cha Mkundi kilikuwa tayari na nafasi ya dirisha kubwa linaloelekea milima ya Uluguru, na lenta imekwisha kumwagwa. Cha hapa, anachokitumia kila siku ya maisha yake, hakikuwa hata na rafu ya kuwekea viatu. Nilipoulizwa sababu nilikuwa na jibu la haraka: hapa tumepanga, kule ni kwetu. Siku hizi naliona jibu hilo lina kasoro, na kwa mazungumzo ninayoyasikia kwenye sherehe zetu za ubatizo na kipaimara, sidhani kwamba ni mimi peke yangu niliyekuwa nalitumia.

Nianze na hesabu. Serikali ya Ujerumani humlipa mzazi posho ya kila mtoto kila mwezi, bila kujali kipato chake, na mwaka 2025 posho hiyo ilikuwa euro 255. Sisi tuna watoto wawili, kwa hiyo zilikuwa euro 510, fedha ambazo sisi kwa sisi tunaziita pesa ya mtoto. Nyumbani mwetu pesa ya mtoto haikuwa inalala. Ikiingia asubuhi, jioni zaidi ya nusu yake imekwisha kwenda kwa mdogo wangu kwa njia ya simu, naye anaigeuza saruji, nondo na tripu za mchanga. Mke wangu, akiwa anakunja nguo za watoto juu ya masanduku yaleyale tuliyosafiri nayo, ndiye aliyesema kwamba wanawe wananunua saruji tangu wakiwa kwenye nepi. Tulicheka wote wawili, ila yeye alicheka zaidi.

Ili nieleweke, lazima niseme nilikuwa baba wa namna gani kabla ya kuja huku. Binti yetu alizaliwa Morogoro. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku 3, na zile siku tatu zangu nilizimaliza nikiwa napokea wageni. Mama yangu alikuwapo, shangazi alikuwapo, dada wa kazi alikuwapo. Mtoto alipolia usiku palikuwa na mikono mitano ya kumpokea kabla ya wangu. Mambo ya nyumba nayo yalikwenda hivyohivyo. Bomba likivuja anaitwa fundi, kitasa kikilegea anaitwa fundi, na hata picha ya harusi ilitundikwa na kijana mwenye keekee niliyempa shilingi elfu tano na soda baridi. Mimi nilikuwa bosi wa kusimama na simu mkononi. Nilijua bei ya kila kitu kilichofanyika ndani ya nyumba yangu, na sikujua kinavyofanyika.

Hapa nyumba ya kupanga hukabidhiwa tupu kwa maana kamili ya neno. Mara nyingi jiko halimo, wala si jiko la kupikia tu, bali makabati na sinki pia, kwa kuwa mpangaji aliyetoka ameyafungua na kuhama nayo. Darini zinaning'inia nyaya badala ya taa. Habari ya fundi nayo ni nyingine kabisa. Seremala husomea kazi yake miaka 3, fundi umeme miaka 3 na nusu, huku akifanya kazi kwa bwana wake na kwenda darasani, na akija kwako anakuja na gari, bima na risiti yenye kodi. Niliyemuulizia kazi ya rafu mbili na kukaza kitanda cha deka ukutani alinitajia euro 180 kabla hajauona hata mlango wetu. Umeme sikuugusa, kwa sababu huo lazima ushikwe na mwenye leseni, lakini mengine yote yalinirudia mimi mwenyewe, mtu wa miaka 36 ambaye hajawahi kushika pimamaji.

Ukuta wa kwanza ulinifunza adabu. Jengo letu ni la zamani, la kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kama yalivyo majengo mengi ya Leipzig yaliyosimamishwa wakati mji ulipokuwa ukitanuka kwa viwanda, na nyuma ya lipu yake laini kuna tofali la udongo wa kuchoma. Nilibonyeza keekee kwa nguvu, kwenye mfumo wa kugonga, kama nilivyowaona mafundi wetu wakifanya kwenye tofali la saruji. Badala ya tundu la milimita 8 nikapata shimo la kuingiza yai, na vumbi jekundu likashuka hadi kwenye soksi. Vumbi lile nalijua. Ni rangi ya matanuru ya tofali ya Morogoro. Binti yangu, ambaye nilikuwa nimempa kazi ya kushika mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi chini ya tundu, alitangaza kwamba ukuta unatoka damu. Ilikuwa inakaribia saa tatu usiku, na mzee wa ghorofa ya chini akapanda. Alilalamika kwanza, kama ilivyo haki yake, kisha akaingia, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kunieleza kwamba tofali hizi hutobolewa polepole bila kugonga, na kwamba shimo langu lijazwe plasta, liachwe siku nzima likauke, ndipo litobolewe upya na kutiwa plagi, yaani kile kijibomba cha kushikia skrubu ukutani. Plagi zenyewe ndizo zile ambazo mafundi wa kwetu huziita fisha. Nilikuwa nimetamka jina hilo maisha yangu yote bila kujua kwamba ni la Mjerumani, Artur Fischer, aliyebuni ile ya nailoni mwaka 1958.

Kitanda kilichukua siku tisa. Kwa fundi mzuri wa Morogoro, pamoja na saidia fundi wake, ingekuwa asubuhi moja na chai katikati. Sitaki kuipamba taabu ile, kwa kuwa mgongo uliniuma na kuna siku nilimfokea mtoto kwa skrubu aliyoipoteza, nayo nikaikuta mfukoni mwangu. Hata hivyo, katika siku hizo tisa nilizungumza na binti yangu kuliko nilivyozungumza naye katika miaka yake mitatu ya Morogoro. Alijifunza kusoma kiputo cha pimamaji, akawa ananiambia "bado kidogo, baba" kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu aanze shule hapa alikuwa ameanza kunijibu kwa kuikwepa.

Moja ya siku hizo tisa ilikuwa Jumapili, ambayo haikuhesabika, kwa sababu siku hiyo hakuna kutoboa. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949, katika ibara ya 140, ilichukua maneno ya katiba ya mwaka 1919 yanayoilinda Jumapili iwe siku ya mapumziko, na hata maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi hufungwa. Wenzangu wengi huliona jambo hili kuwa ukali wa bure. Mimi nimebadilika. Kwetu Jumapili ndiyo siku ya kwenda saiti, na baba akitoka asubuhi kwenda kuhesabu mifuko ya saruji hurudi watoto wamelala. Hapa nimelazimishwa kukaa. Nao hawazuii kila kelele, kama tunavyopenda kusimuliana: tangu mwaka 2011 sheria yao inasema wazi kwamba makelele ya watoto kutoka shule za chekechea na viwanja vya michezo hayahesabiwi, kwa kawaida, kuwa usumbufu wa mazingira. Nyundo ikae kimya, mtoto acheze. Kwetu ni nadra nyundo kumpisha mtoto. Tatizo la Jumapili ya hapa ni jingine, nalo ni zito zaidi. Hakuna anayepita. Saa tano asubuhi umekaa na watoto, nyumba imetulia, na unajua kwamba mpaka usiku hakuna mtu atakayebisha hodi kwa sababu tu alikuwa anapita njia hii.

Lile jibu langu la kwamba tumepanga lilikuwa na ushahidi wake. Mwaka 2013 mahakama ya juu ya shirikisho katika kesi za madai iliamua kwamba mpangaji aliyepokea nyumba yenye kuta nyeupe, akairudisha ikiwa na rangi kali kama nyekundu, njano na buluu, anaweza kudaiwa fidia. Nilikuwa nikiitaja hukumu hiyo kila mtoto alipoomba ukuta wa njano. Nilipoisoma vizuri nikagundua kwamba kilichokatazwa ni kuirudisha nyumba hivyo, wala si kuishi humo hivyo. Ndoo ya rangi nyeupe ya kufunika ukuta mmoja siku ya kuhama haifiki hata bei ya mifuko mitano ya saruji. Ukuta sasa ni wa njano, umeingia mistari mahali ambapo rola ilikauka, na kaka mtu wa miaka miwili ameacha alama ya kiganja karibu na swichi.

Kuna jambo ambalo tunapolinganisha huku na kwetu hatulisemi, pengine kwa aibu. Wepesi wa maisha ya familia ya kwetu, yaani ya sisi tuliokuwa na kazi za mshahara, ulibebwa na watu ambao nao walikuwa wazazi. Dada aliyembeba binti yangu mgongoni alikuwa na mtoto wa miaka minne aliyemwacha kwa bibi yake kijijini Kilosa, na alikuwa akimwona Krismasi. Kijana wa keekee aliondoka kwake kabla ya jua na kurudi gizani kwa elfu tano zangu. Bei ya fundi wa Leipzig huniumiza, lakini saa kumi na nusu jioni anafunga boksi lake la vifaa na kwenda kumchukua mwanawe chekechea, na sijaona hoja ya kunishawishi kwamba hilo ni baya. Nikirudi nyumbani sijui nitamlipa dada kiasi gani, ila najua sitaweza kumlipa kama zamani.

Wazee wangu wananipinga, nami nawasikiliza. Mama anasema nyumba ni heshima, na kwamba anayejenga ugenini kwa rangi na mbao anapamba chumba cha gesti. Pia ana haki anapouliza nikifukuzwa kazi kesho nitashukia wapi. Lakini tunaposema tunawajengea watoto, tuseme na sheria: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimgawii ardhi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji, na watoto wa wengi wetu watachukua uraia wa huku, hata kama sasa kuna hatua za kuwapa watu wa asili ya Tanzania hadhi maalumu. Nyumba ya Mkundi ni yangu mimi. Naijenga kwa sababu nataka kuzeeka nikiitazama Uluguru, na ni sababu nzuri, ila haifai kulipiwa na posho ya mtoto wa miaka miwili.

Kwa hiyo tangu Machi pesa ya mtoto haivuki tena bahari, na ujenzi unasubiri kinachobaki kwenye mshahara wangu, ambacho ni kidogo. Mdogo wangu hakufurahi. Alinikumbusha kwamba bila kupaua mwaka huu mvua zitakula kuta, na kwamba majirani wameanza kuliita boma letu pagala. Wiki iliyopita alinitumia picha kuonyesha hali ilivyo: majani yamefika usawa wa dirisha, na ndani ya kile chumba chenye dirisha la mlimani watoto sita au saba wa jirani wamepanga vipande vya tofali kuwa meza na jiko, mmoja anapika matope kwenye kopo. "Kaka, niwafukuze?" aliuliza. Nikamwambia awaache, ila shimo la choo alifunike leoleo, na pesa ya mbao namtumia.