Rimu Zinafia Kwenye Kuoshwa

Mama yangu hakuwahi kutia magadi kwenye sufuria jipya. Maharage yakiwa magumu, yale ya msimu uliopita yanayomaliza mkaa na bado yanakutazama, alishusha sufuria la zamani, lililokwisha kuwa jeusi kwa ndani, akapikia hilo. Sisi watoto tulidhani ni ubahili. Nimekuja kumwelewa juzi juzi, nikiwa nimechuchumaa hapa Uyole, Mbeya, natazama rimu nne za gari langu zilivyopauka. Sufuria ni alumini, rimu ni alumini. Magadi yanayolifubaza sufuria hayawezi kuionea huruma rimu.

Nimechoka kusikia kwamba barabara zetu ndizo zinazomaliza rimu. Vumbi la kiangazi, tope la masika, kokoto, lami iliyochimbika, yote hayo yapo, siyatetei. Lakini rimu nyingi zilizopauka ninazoziona kati ya Mafinga na Tunduma hazikuharibiwa na safari. Ziliharibiwa zikiwa zimesimama, zikioshwa, na mwenye gari akiwa pembeni kwenye benchi anachezea simu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nina Toyota Crown ya zamani. Rimu zake nilizinunua zikiwa zimetumika, kingo zimepigwa polishi mpaka zinaonyesha sura, hazina rangi wala klia, ile rangi angavu inayopakwa juu kukinga. Nilizipeleka sehemu moja ya kuoshea magari hapa mjini. Kijana akachovya sponji kwenye dumu lililokatwa, akapaka. Ikatoka povu nyeupe na harufu ya kukaba koo, nikajisemea kumbe dawa inafanya kazi. Ilifanya kweli. Zilipokauka zilikuwa na ukungu mweupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. "Itarudi tu bosi, huo ni unyevu," akaniambia. Nikalipa, nikaondoka. Haikurudi.

Shida yenyewe iko hivi. Alumini hujivika ganda lake, oksaidi, mara tu inapokutana na hewa. Ganda hilo ni jembamba mno, unywele mmoja wa kichwani unalizidi unene kwa maelfu ya mara, ila ndilo linaloizuia isiendelee kuliwa. Asidi kali inaliyeyusha. Magadi makali, yaani kitu chochote cha jamii ya kostiki soda, nayo yanaliyeyusha, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaogopa maji ya betri lakini wanamwaga dawa ya kuondolea grisi ya injini bila wasiwasi. Ganda likishaondoka, alumini yenyewe inatafunwa vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukitua hapo hautoki sawasawa kama kwenye kioo, unatawanyika, ndio maana unaona ukungu. Kwa hiyo ule weupe si uchafu. Hakuna sabuni itakayouondoa, kwa sababu hakuna kitu cha kuondoa. Ni uso wenyewe umetobolewa.

Na huku kwetu tuna maadui ambao hutawaona kwenye video za Wamarekani. Wenzetu wanahangaika na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Sisi tuna saruji. Malori yanayopakia pale Songwe yanatoka na unga wa saruji umekaa kila mahali, na saruji ikilowana inakuwa kali kama magadi ya mama. Mvua moja ya Januari inatosha kuacha mabaka. Kuna mbolea pia, chumvichumvi zinazovuta unyevu na kukaa kwenye kona za rimu wiki nzima. Halafu kuna unga wa breki, ambao una vipande vya chuma vinavyoruka vikiwa vya moto na kujichomeka. Aliyeshuka mteremko wa Kitonga au Mlima Nyoka na gari zito anajua rimu zinafika chini na hali gani. Ukizimwagia maji ya baridi saa hiyo, diski za breki unaziweka pabaya.

Aliyenitoa ujinga ni utingo wa lori moja la Freightliner lililokuwa limeegesha hapa likisubiri kwenda Tunduma. Kwenye rimu zake nilijiona mimi, nikaziona na nguzo za umeme nyuma yangu. Nikamsalimu, nikamuuliza anazifanyaje.

"Kila wiki, mzee. Ukisubiri mwaka utalia."

Akachukua kipande cha fulana nyeupe, akaweka polishi kidogo ya alumini, akasugua ukingo wa rimu yangu mara tano hivi. Kitambaa kikawa cheusi tii. "Hii iko wazi," akasema, "haina klia. Kingebaki cheupe, usingethubutu kuigusa na msasa." Kipimo hicho rahisi ningekijua mapema ningeokoa hela nyingi. Rimu yenye klia unaitunza kama bodi ya gari, sabuni laini na nta basi. Rimu iliyo wazi ndiyo inayohitaji mikono.

Kazi yangu ilihitaji msasa wa maji. Nilivua rimu moja moja, na hapa sitanii: usije ukafanya kama wale wanaopandisha gari jeki, wanaingiza gia, halafu wanashikilia msasa tairi linazunguka. Kitambaa kikinasa kinaondoka na vidole. Nikaanza na namba 400 hadi vile vishimo vikaisha. Kisha, kwa haraka zangu, nikaruka hadi 1000. Nikapiga polishi, ikang'aa kivulini, nikafurahi. Kulipokucha jua likapiga, nikaona mistari ya 400 imelala chini ya mng'ao kama mikwaruzo ya paka kwenye ukuta uliopakwa rangi mpya. Ikabidi nirudi nyuma.

Utingo alikuwa ameniambia, mimi ndiye sikusikia. Unapanda ngazi moja moja: 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000, maji yakitiririka muda wote. Kila ukibadili namba unabadili na mwelekeo. Kama 400 ulisugua kwa kufuata mzunguko wa rimu, 600 unakata mshazari, na huendi 800 mpaka mistari yote inayofuata mzunguko imefutika. Ndivyo unavyojua umemaliza, si kwa kuchoka. Baada ya 2000 rimu inakuwa ya kijivu laini, bado haing'ai, na hapo ndipo wengi hukata tamaa dakika chache kabla ya raha yenyewe. Polishi ikishaingia, sehemu ndogo ya ukubwa wa kiganja kwa wakati mmoja, inageuka uji mweusi kama grisi. Usiogope weusi huo, ni alumini inayotoka. Futa kabla haijakauka.

Mwisho kabisa ni unga wa ngano. Nilidhani utingo ananitania. Unanyunyizia kwa mkono mkavu, unasugua kwa kitambaa safi cha pamba, unga unanyonya ule weusi uliobaki ambao kitambaa pekee kinausambaza tu. Rimu inabaki na kina, kama maji ya kisima.

Stilwaya ya kusugulia masufuria iache jikoni. Inaacha vipande vya chuma ndani ya alumini, na mvua ikinyesha vinapata kutu, unaanza kujiuliza madoa ya kahawia yametoka wapi. Pale nati zinapokalia usipitishe msasa hata kidogo, na ukisharudisha rimu, kaza tena nati baada ya kilometa 50 hadi 100.

Je, upake klia juu ili usifanye tena kazi hiyo? Mafundi rangi watakwambia ndiyo, na wana haki ya kutafuta riziki. Mimi nakataa. Kokoto moja ikichuna klia, maji yanapenya, na chini yake zinatambaa nyuzi nyeupe kama minyoo. Huwezi kuzifikia bila kubandua klia yote. Iliyo wazi ikichafuka naifuta Jumamosi asubuhi nusu saa, maji kwanza ili tope lisiwe msasa, sabuni ya vyombo, kausha, polishi kidogo ikibidi, nta mara moja kwa mwezi. Asiye na nusu saa hiyo azipake rangi ya fedha, hakuna aibu yoyote.

Ila kuna jambo linaniuma kuliko rimu. Baadhi ya dawa za kuoshea rimu zina asidi ya haidrofloriki, na hiyo inaweza kupenya ngozi kabla hujasikia maumivu, ikaenda kushambulia kalsiamu ya mwili. Yule kijana aliitia mkono mtupu, kandambili miguuni, kwa ujira wa elfu moja moja. Siku hizi nikipeleka gari naenda na ndoo yangu na sabuni yangu, na nampa buku juu asiguse lile dumu. Mara ya kwanza alinitazama kama mtu mwenye gubu. Sasa ananiona mbali anaanza kulisogeza dumu kando mwenyewe.

Rimu ya nne bado ina mistari ya 400. Iko nyuma upande wa abiria, nitaifikia. Mke wangu ndiye pekee aliyeiona, alipokuwa akitafuta unga wake wa maandazi.